Chupa Kumi na Nne za Maharagwe

Vijana wangu, Jumapili iliyopita mlinizuia mlangoni mwa kanisa mkaniambia, "Shosho, tufunze kuweka chakula kwa chupa. Tunataka kuuza Krismasi." Nikasema sawa. Lakini nilipofika nyumbani nikaketi karibu na dirisha na kikombe changu cha chai, macho yakawa mazito, na badala ya kuwaza ndimu na sukari nikajikuta niko Kawangware tena, miaka ile ya tisini, ndani ya jiko la Mama Njeri, mvuke umejaa mpaka sioni mikono yangu mwenyewe. Mambo ya zamani hunijia hivyo siku hizi. Hayabishi hodi. Nasikia tu vifuniko vikilia tak, tak, vikijivuta ndani chupa zinapopoa, na harufu ya embe na pilipili inanikalia mabegani kama leso.

Basi kabla sijawafunza chochote nimeona niwaandikie haya. Someni polepole.

Kazi yangu ilikuwa kupika vyakula vya sherehe na kutia vyakula kwenye chupa. Niliifanya zaidi ya miaka ishirini, na sikuisomea popote. Nilitoka upande wa ziwa nikiwa nimeolewa juzi tu, tukapanga chumba kimoja Kambi Muru, huko Kibera, na kwa kuwa mkono wangu ulijua chumvi, watu wakaanza kuniita. Harusi, matanga, ubatizo. Nikitokea na mwiko wangu mrefu, wenye sherehe walikuwa wakiambiana, "Mama Akinyi amefika," na unaona mabega yao yanashuka. Kwa mpishi hiyo ni salamu tosha.

Mama Njeri nilimpata kwenye harusi moja Kawangware. Nilikuwa nimetengeneza achari ya maembe, debe zima, na nusu nikaitia kwenye chupa ili familia ya bwana harusi ibebe nyumbani. Akaja jikoni mama mmoja mrefu, amejifunga kitambaa cha kichwa cha kijani, ameshika kijiko.

"Nani amepika hii?"

"Ni mimi."

"Ni tamu," akasema. Akalamba kijiko tena, akafikiri. "Alhamisi itakuwa imeharibika."

Nilikasirika. Siku ya Alhamisi nikapita kwa wale watu kwa hila, kana kwamba nawasalimia tu, nikakuta achari imefura povu na bibi wa nyumba anaitazama kwa mbali. Ijumaa nikaenda kumtafuta yule mama.

Yeye na mzee wake walikuwa na ploti hapo Kawangware, safu mbili za vyumba vya wapangaji, na nyuma kabisa jiko la mabati. Hakuwa na haja ya kazi. Lakini ujana wake wote alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha mananasi upande wa Thika, akisimamia birika kubwa la mvuke, lile ambamo mikebe huingizwa ikapikwa ikiwa imefungwa. Alisema alizeeka akisikiliza mvuke. Ukiongea naye kulikuwa na pembe ya sikio lake iliyobaki kwenye sufuria, siku zote.

Nilitembea kwake asubuhi, miaka mingi. Natoka Kambi Muru umande haujakauka, napita Soko la Toi wakati wenye mitumba wanafungua marobota, navuka barabara ya Ngong, nateremka. Asubuhi za Desemba kulikuwa na ukungu mwepesi, na moshi wa majiko ulikuwa umelala ndani yake bila haraka. Nikifunga macho sasa, bado natembea humo.

Alinifunza mikono kabla ya maneno. Chupa tulinunua Toi kwa wale wa vyuma chakavu, chupa za jemu na za kahawa za watu wakubwa, tukaziosha, tukazichemsha, tukazipanga juu ya kitambaa safi midomo ikiangalia chini. Kifuniko chenye kutu tulitupa, hata kama ni kizuri. Chini ya sufuria tunatandika tambara ili chupa zisigongane zikapasuka. Unajaza chakula, unaacha nafasi ya kidole kwa juu, unapangusa mdomo wa chupa kwa kitambaa cha maji moto, unafunga. Maji yafunike chupa na yapite vidole viwili. Na unaanza kuhesabu dakika maji yakishachemka, si unapoweka sufuria motoni.

"Halafu unaongeza dakika kumi," alikuwa akisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hatuko Mombasa. Huku juu maji yana haraka ya kuchemka na uvivu wa kuwa moto."

Nilicheka siku hiyo. Nilidhani ni utani.

Sikuwa mwanafunzi mwepesi. Jemu yangu ya kwanza ya matunda damu ilikataa kushika, ikabaki maji maji, nikamuuzia mama mmoja wa mtaa wa Ayany nikimwambia ni sharubati nzito. Akarudi kuniomba nyingine. Mara nyingine nilipunguza siki kwenye achari nikiona ni nyingi mno, nikapeleka chupa moja zawadi kwa pasta. Ikawekwa rafu ya nyuma ya madhabahu. Jumapili, katikati ya maombi, kifuniko kikaruka kikagonga mabati ya paa kama risasi. Mzee Okumu, mzee wa kanisa, akiwa bado amefunga macho, akasema Amina.

Mama Njeri hakucheka. Aliniketisha, akanipa kipande cha embe bichi, kisha kipande cha ndimu, kisha punje za maharagwe ya kuchemsha.

"Ulimi unakuambia nini?"

"Embe ni kali. Ndimu ni kali zaidi. Maharagwe hayana kitu."

"Kitu kikali kina askari mlangoni. Embe, ndimu, nyanya ukiiongezea ndimu, nanasi, hizo tunatia chupa. Maharagwe, nyama, samaki, mboga za majani, mahindi, hizo hazina askari. Kwa hili jiko langu haziingii chupa. Siku tukipata sufuria kubwa ya presha, tutaongea."

Hakuniambia askari anazuia nani. Nami sikuuliza. Mjifunze hapo, vijana: kanuni usiyoijua sababu yake ni rahisi kuivunja siku ya shida.

Niwaambie Krismasi ya Kibera ilivyokuwa, maana nyinyi mmezaliwa majumba ya mawe yameshaanza kupanda. Wengi waliondoka kwenda nyumbani, ndiyo. Lakini waliobaki walipika kwa ajili ya walioondoka pia. Kuanzia tarehe ishirini unasikia mlio wa chapati zikipigwa kwenye ubao, nyumba hadi nyumba, kama watu wanaongea lugha moja. Kuku wamefungwa miguu chini ya vitanda wanalalamika. Watu wa kwetu tulikuwa tunalaza osuga, ile mboga chungu mnayoiita managu, ndani ya maziwa siku mbili hadi uchungu ulegee. Jirani yangu Mluhya anakausha kuku wake juu ya moshi. Kwa Mama Njeri kule ni mukimo wa viazi vya kuponda na njahi, yale maharagwe yao meusi, maana kwao sherehe bila njahi ni mkutano tu. Na mimi nilipita katikati ya hayo yote na kikapu cha chupa: achari, nyanya, jemu ya nanasi. Kila mlango naonjeshwa kitu. Nilikuwa nafika nyumbani nimeshiba, nimechoka, na kama nimelewa harufu.

Halafu ukaja mwaka wa mvua ya El Nino.

Mvua ilianza Oktoba ikasahau kuacha. Barabara za kwenda kwetu zilikatika hapa na pale, na majirani wengi wakasema mwaka huu tunabaki Nairobi. Makaa yakaja yamelowa. Ukiwasha jiko, chumba kinajaa moshi, na maji hayachemki. Kuchemsha maharagwe ya familia kulimaliza asubuhi nzima na nusu gunia. Wanawake wakaanza kuniambia, mmoja baada ya mwingine, "Mama Akinyi, si wewe unajua chupa. Tuwekee maharagwe yakiwa yameiva, tuje tukaange tu."

Mama Njeri hakuwepo. Binti yake alikuwa amejifungua Nyeri, akaenda kumlea mzazi. Aliniachia ufunguo wa jiko.

Nilikaa na ule ufunguo siku mbili. Maneno yake nilikuwa nayo, siwadanganyi. Lakini nilijiambia, nitayachemsha saa tatu nzima baada ya kufunga, kitu gani kitaishi humo saa tatu? Nikachagua maharagwe mazuri, yale mekundu yenye madoa. Nikayaloweka, nikayachemsha na chumvi, nikajaza chupa kumi na nne, nikafunga, nikachemsha tena, mvua ikipiga mabati juu yangu. Kulikuwa na amani humo ndani. Nakumbuka nilikuwa nikiimba. Yalipopoa vifuniko vikalia tak, vyote kumi na vinne, na supu ilikuwa safi unaona kila punje. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivyo kwa macho. Kufikia tarehe kumi na mbili Desemba zote zilikuwa zimechukuliwa.

Chupa moja aliichukua Ochieng', mwalimu wa kwaya yetu. Alikuwa seremala, anaishi peke yake milango mitatu kutoka kwangu. Zamani alikuwa mlevi wa kuokotwa njiani. Kisha akaacha, mwaka wa nne sasa, na sauti iliyotoka baada ya hapo, sijui niielezeje. Akiimba besi, hata benchi unayokalia inasikia. Aliniambia, "Mimi sijui kupika, Mama Akinyi. Nitakula na mkate kazini."

Mama Njeri alirudi asubuhi ya tarehe ishirini na tatu. Nilikuwa jikoni kwake nakata vitunguu. Akasalimu, akavua koti lililolowa, akaona chupa ya kumi na tano, iliyopasuka nikiijaza nikaiacha kando, na ndani yake punje mbili tatu zimekauka.

"Hii ilikuwa ya nini?"

"Maharagwe," nikasema. Nikamweleza. Nilidhani atafurahi nikimwambia zilivyoisha haraka.

Alikaa chini. Alikaa kwenye gunia la makaa na nguo yake ya safari.

"Ngapi?"

"Kumi na nne."

"Vaa viatu," akasema. "Tunaenda kuzichukua zote."

Alinieleza njiani, tukitembea kwenye matope, ameshika mkono wangu kama mtoto. Kuna kijidudu, akasema, kinaishi kwenye mchanga na kinakuja na maharagwe. Mbegu yake haifi kwa maji ya kuchemka, hasa maji ya huku kwetu juu. Inalala. Ukiifungia kwenye chupa isiyo na hewa, isiyo na ukali, ikiwa na joto la chumba, inaamka. Halafu inatoa sumu. Wakati mwingine kifuniko kinafura. Wakati mwingine hakifuri, hakuna harufu, hakuna ladha, na mtu anakufa.

"Anakufaje?"

"Macho kwanza. Anaona vitu viwili viwili. Kope zinaanguka. Ulimi unakuwa mzito, hawezi kumeza. Halafu kifua kinasahau kupumua. Kule kiwandani tulifunzwa hivyo siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilifikiri kukukataza kunatosha," akasema.

Tuliingia Kibera tukaanza kubisha milango. Ni kazi ya aibu kumwambia mtu arudishe chakula ulichomsifia. Mama mmoja alikuwa amepanga chupa zake mbili juu ya kabati na ua la plastiki katikati, akagoma kabisa. "Ziko sawa, angalia vile zinang'aa." Mama Njeri akamwambia kwa upole, "Kinachokuua hapa hakina sura," akazichukua. Wawili walikuwa wamekwisha kula, lakini walikuwa wameyatia kitunguu na nyanya na kuyachemsha kwenye moto hadi supu ikauka, na walikuwa wazima. Mama Njeri akasema moto mkali wa muda mrefu unaiua ile sumu yenyewe, kwamba hawa wameokolewa na mapishi yao. Akawaambia wakiona macho yanacheza wakimbilie hospitali. Kufikia saa tisa mchana tulikuwa na chupa kumi na moja kwenye gunia. Mbili zilikuwa zimeliwa. Ilibaki moja.

Mlango wa Ochieng' ulikuwa na kufuli. Jirani yake akasema, "Ameenda Ayany, kuna nyumba anatia milango. Amebeba chakula."

Ayany si mbali. Mnajua nyinyi wenyewe, ni mwendo wa nyimbo mbili. Mama Njeri alikuwa amechoka, ametoka safari, nikamwambia rudi nyumbani, hii moja nitaimalizia. Akaenda na gunia lake. Nami nikasimama hapo mlangoni. Mvua ilikuwa imeanza tena. Miguu ilikuwa inaniuma, lakini haikuwa miguu. Nilikuwa nimesema "samahani, nirudishieni" mara kumi na mbili siku hiyo, na sikutaka kuisema mara ya kumi na tatu, mbele ya mafundi wenzake. Nikamwambia jirani, "Akirudi mwambie asile yale maharagwe." Nikajiambia, kesho nitamwona mazoezini.

Nikaenda kwangu, nikajifunga leso kavu, nikapika chai.

Kesho yake mchana kwaya ilikutana kanisani kwa mazoezi ya mwisho. Nilifika nikiwa nimechelewa, nikasikia kelele kabla sijaingia. Ochieng' alikuwa amesimama mbele ameshika kiweko cha vitabu kwa mikono miwili. Alikuwa anajaribu kusema kitu, na maneno yalitoka kama ya mtu mwenye kiazi moto mdomoni. Kope zake zilikuwa zimelegea. Kitabu cha nyimbo kilikuwa chini.

"Nenda nyumbani ulale," Mzee Okumu alikuwa akimwambia. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni, na hiyo ni mbaya zaidi. "Miaka minne, Ochieng'. Na umechagua leo."

Wanakwaya wengine walikuwa wanaangalia sakafu. Msichana mmoja alikuwa analia. Ochieng' alitikisa kichwa, akajaribu tena kusema, akaweka mkono mbele ya jicho moja ili anione vizuri. Akanitazama hivyo, kwa jicho moja.

Nilikuwa najua. Nilisimama kwenye kizingiti na kila kitu kikawa kimya na cha mbali, kama ninakiona kupitia glasi ya chupa. Niliona kazi yangu yote ikiondoka. Ningenyamaza, pale kanisani hakuna mtu angejua. Angepelekwa nyumbani, angelala, na wangesema pombe.

"Hajalewa," nikasema. "Amekula maharagwe yangu. Yana sumu. Anahitaji hospitali sasa hivi."

Hawakunielewa mara moja. Nikasema tena. Kisha Mzee Okumu mwenyewe akakimbia Toi akarudi na muuza viazi mwenye pikapu, wakamlaza Ochieng' nyuma juu ya magunia, kichwa chake kwenye mapaja yangu, nami nikamshikia kidevu apate hewa.

Hospitalini alitupokea daktari kijana, msichana tu. Nilimweleza yote bila kupinda: nilipika nini, nilifunga vipi, yalikaa siku ngapi, alikula lini.

"Uliyapika wewe mwenyewe?" akauliza.

"Mimi mwenyewe."

"Asante kwa kusema. Wengi husema hawajui mgonjwa alikula nini. Ile chupa iko wapi?"

Chupa ilikuwa Ayany. Aliyeifuata ni Mama Njeri, kijana mmoja wa kwaya alipomfikishia habari. Aliikuta chini ya meza ya useremala, vijiko vitatu vya maharagwe vimebaki, akaifunga kwa mifuko miwili, akaileta hospitali ameikumbatia. Daktari aliifungua kwa glavu. Nilisimama pale nikasikia harufu. Yalinukia vizuri. Hadi leo hilo ndilo linaloniogopesha.

Jioni hiyo kifua cha Ochieng' kilianza kuchoka, wakamtia mashine ya kupumua. Kwaya iliimba Krismasi bila besi. Siku ya pili yake mimi na Mama Njeri tulichemsha ndani ya pipa chupa zile kumi na moja pamoja na vilivyomo, tukachimba shimo refu nyuma ya jiko, tukafukia kila kitu. Alipomaliza kusawazisha udongo kwa jembe, akaniambia, "Mimi pia nimezika kitu hapa." Alimaanisha kunyamaza kwake, nadhani. Kuanzia siku hiyo hakunikataza kitu bila kunipa sababu yake, hata kama ni saa nzima anaeleza.

Nilienda hospitali kila siku wiki nne. Alikuwa amelala, macho yamefungwa, bomba kooni, hata kidole hakisogei. Manesi waliniambia niongee naye. Siku za kwanza nilimweleza habari za kwaya, nani ameolewa, mvua imefika wapi. Kisha habari zikaisha. Chumba kilikuwa na mwanga mweupe wa dirisha la juu, na mashine ilikuwa ikivuta na kushusha, ikivuta na kushusha, unakaa hapo hujui ni asubuhi au alasiri. Siku moja nikajikuta namwambia ile ya Ayany. Kwamba mlango wake nilifika. Kwamba nilijua alipo. Kwamba haikuwa miguu. Sikuwa nimemwambia mtu, hata Mama Njeri. Nilimwambia yeye kwa sababu nilidhani ni kama kuongea na ukuta.

Alianza kurudi kidogo kidogo. Kope, kisha vidole, kisha pumzi yake mwenyewe. Madaktari walisema mwili ulikuwa unajijenga upya uzi kwa uzi. Ilipita Pasaka kabla ya kutembea vizuri.

Mimi nilikuwa nimeacha kupika. Watu hawakunifukuza. Wengine walinionea huruma, wengine walivuka njia wakiniona, nami niliona wote wana haki. Mama Njeri ndiye aliyenitoa. Alinipeleka kwenye vikundi vya kina mama, Kawangware, Kangemi, makanisani, akanisimamisha mbele akasema, "Mwambie." Nikawaambia. Ndiyo sababu baadaye, tulipopata ile sufuria kubwa ya presha yenye saa ya kupimia, nilikuwa nasimama mbele yake bila kupepesa macho. Nitawafunza hiyo pia. Nitawafunza kwamba chakula kisicho na ukali ni presha au friji au kula leo leo. Kwamba chupa usiyoiamini huionji, hata kwa ncha ya kidole. Unaitupa mahali mbwa hafiki. Kwamba ukishakosea, mwenye kula anatakiwa kujua leo, si kesho. Lakini hilo la mwisho halina kipimo, kwa hiyo nimelazimika kuliandika hivi.

Ochieng' alikuja kwangu Juni, alasiri moja ya baridi. Nilifungua mlango nikamkuta amesimama na fimbo, amekonda, kola ya shati imemzidi. Nilimkaribisha akaketi. Nilianza kuomba msamaha, akainua mkono.

"Ulishaomba," akasema. Sauti yake ilikuwa imerudi lakini nyembamba, kama imetoka kufuliwa. "Pale hospitali. Mwili ndio ulikuwa umelala, Mama Akinyi. Masikio hayakulala. Nilisikia yote."

Nikaketi.

"Yote?"

"Na ya Ayany."

Mabati yalikuwa yakilia kwa upepo. Nilimngojea aseme neno lingine juu ya hilo, lolote, ningelipokea. Alitazama jiko langu lililozimika, sufuria zilizogeuzwa juu chini.

"Umepika nini leo?" akauliza.

"Sijapika. Sipikii watu siku hizi."

"Mimi sijala."

Basi nikawasha jiko. Nikasonga ugali, nikakaanga omena, vile visamaki vya kwetu ziwani, na nyanya. Niliweka sahani mbele yake. Nikamega mimi kwanza, nikala, akanitazama nikimeza. Kisha akala. Alitafuna kila tonge kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua, na mimi nilikaa pale nikitazama koo lake likipanda na kushuka.

Alipomaliza akasukuma sahani kwangu.

"Ongeza," akasema.

Nikaongeza.